Mbwa Mkali, Mbwa Mwoga

Tunapotembelea kaya zinazofuga mbuzi katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mara nyingi tunapigiwa kelele tukiwa bado njiani: "Msiingie, mbwa amefunguliwa!" Wenyeji husema hivyo kwa fahari kidogo. Kutoka Rulenge hadi Nyakahura mbwa hufugwa kulinda mifugo na nyumba, na aliye mkali ndiye anayesifiwa. Tatizo huonekana siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Bwana mifugo amefika na dawa, lakini yule mkali hakamatiki, hata na mwenye mbwa. Wataalamu wanashauri mbwa 70 katika kila 100 wapate chanjo ili ugonjwa usienee. Wakali wakiachwa, idadi hiyo haifikiwi.

Ndugu wasomaji, wengi wa mbwa hawa wanaogopa tu. Mbwa anayefungwa tangu alfajiri, akirushiwa mawe na watoto watokapo shule, hujifunza kwamba mtu akikaribia, maumivu yanafuata. Mtazameni vizuri: mkia ameubana katikati ya miguu, masikio ameyalaza, anabweka huku akirudi nyuma. Akikosa pa kukimbilia, huuma.

Kumzoesha siyo kazi ya siku moja. Mtu mzima mmoja wa nyumbani achukue jukumu la kumlisha, saa ileile kila siku. Aweke chakula, asogee mbali, achuchumae akimpa ubavu bila kumkazia macho, maana kwa mbwa kukaziwa macho ni kutishwa. Aongee naye kwa sauti ya chini. Kila baada ya siku kadhaa apunguze umbali. Mbwa akinguruma, arudi nyuma kidogo. Mbwa asogee mwenyewe, asivutwe. Siku akinusa mkono, aguswe kifuani au chini ya kidevu, siyo juu ya kichwa. Baadaye ndipo azoeshwe kamba, wakati anakula. Mwingine huchukua wiki chache, mwingine miezi.

Jambo moja tunalirudia kila tuendapo: msimpige mbwa kwa sababu amenguruma. Mngurumo ni onyo. Akichapwa ataacha kuonya lakini hataacha kuogopa, na safari nyingine atauma kimya kimya.

Ni rahisi zaidi kuanza na mtoto wa mbwa. Akiwa na umri wa wiki 3 hadi 12 hivi, ashikwe kwa upole, aguswe miguu na masikio, azoee watu mbalimbali. Akikua bado atabweka mgeni wa usiku, ingawa wazee wengi hawaamini mpaka waone.

Haya yote ni kwa mbwa mnayemfahamu. Mbwa aliyebadilika ghafla, anayetokwa mate mengi, anayeyumba au kuuma hovyo hata vijiti, msimkaribie kabisa. Toeni taarifa kwa mtendaji wa kijiji na bwana mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya sindano za kinga. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Siku ya chanjo, mbwa aletwe kwa kamba na yule aliyemzoea, siyo na mtoto aliyetumwa.