Lenzi ya Zamani Bado Ina Kazi

Katika miaka ya 1970 na 1980, wapiga picha walitumia kamera za filamu. Leo kamera nyingi za aina hiyo zimelala masandukuni. Wengine huziuza kwa bei ndogo. Wengine huzitupa.

Ndugu msomaji, usitupe kabla ya kutazama lenzi. Kamera ya filamu inaweza kuwa imekufa, lakini vioo vya lenzi vikawa vizima. Lenzi hiyo inaweza kufungwa kwenye kamera ya sasa.

Jambo hili ni muhimu kwa mpiga picha wa kijijini. Yeye hulipwa picha moja moja. Akikopa fedha ili anunue lenzi mpya ya bei kubwa, mapato ya harusi nyingi yataishia kwenye deni.

LENZI YA KUVUTA

Lenzi ya kuvuta huonyesha kitu cha mbali kama kiko karibu. Ukiwa nje ya uwanja wa mpira unaweza kupiga picha ya mlinda mlango bila kusogea.

Mwaka 1959 kampuni ya Voigtländer ya Ujerumani ilianza kuuza lenzi ya kuvuta iliyoitwa Zoomar. Baadaye viwanda vya Japani vilitengeneza lenzi kama hizo kwa wingi. Nyingi zimeandikwa 70-210 au 80-200. Hizo ni milimita. Namba ikiwa kubwa, kitu huonekana karibu zaidi.

PETE YA KUUNGANISHIA

Lenzi ya zamani haiingii moja kwa moja kwenye kamera ya sasa. Inahitaji pete ya chuma katikati. Kwa nini?

Kila lenzi hukaa umbali maalumu kutoka mahali panapopokea picha. Lenzi za zamani za Canon aina ya FD hukaa umbali wa milimita 42. Kamera za Sony aina ya E zina umbali wa milimita 18 tu. Pengo ni milimita 24. Pete ndiyo inayoziba pengo hilo. Pete ya namna hii haina kioo wala umeme, kwa hiyo bei yake ni ndogo.

Lakini angalia. Kamera za Canon aina ya EF zina kioo cha kugeuza picha ndani, na umbali wake ni milimita 44. Lenzi ya FD ikifungwa hapo kwa pete isiyo na kioo, vitu vya mbali havitaonekana vizuri. Kwa hiyo taja aina ya lenzi na aina ya kamera kabla ya kununua pete.

KAGUA KABLA YA KULIPA

1. Mulika ndani ya lenzi kwa tochi. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Usinunue.

2. Ifunge kwenye kamera kwa pete yake. Zungusha namba za kupunguza mwanga. Vibati vya ndani vifunguke na kufunga bila kukwama. Vikiwa na mafuta, iache.

3. Tazama kioo cha nyuma. Mkwaruzo wa nyuma huharibu picha kuliko mkwaruzo mdogo wa mbele.

JINSI YA KUITUMIA

Kamera haitaitambua lenzi hii. Kwanza iruhusu kamera ipige picha bila lenzi. Ruhusa hiyo imo katika orodha ya mipangilio yake.

Lenzi haijilengi yenyewe. Zungusha kwa mkono mpaka picha iwe safi. Kamera nyingi za sasa huweza kukuza sehemu ya picha ili uone vizuri.

Lenzi ndefu hutikisika upesi. Ukivuta mpaka 200, tumia kasi ya sehemu moja ya 250 ya sekunde, au upesi zaidi. Mchana, namba 8 ya mwanga hutoa picha safi.

Usielekeze lenzi kwenye jua. Vioo vya zamani huingiza weupe katika picha. Kofia ya karatasi ngumu nyeusi mbele ya lenzi itasaidia.

Kwa watoto wanaokimbia, lenzi hii ni ngumu. Lenga mapema mahali watakapopita, kisha subiri.

UITUNZE

Kuvu hupenda joto, giza na unyevu. Usiache lenzi katika mkoba wa ngozi, maana ngozi hushika unyevu. Iweke katika chombo chenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyowekwa ndani ya viatu vipya.

Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Lenzi nzima ya zamani, ikitunzwa, itakupa picha nzuri za harusi, michezo na mikutano bila deni.