Nyangumi Hufuata Krili

Kila mwaka kati ya Julai na Septemba nyangumi nundu huonekana katika pwani ya Kenya na Tanzania. Huja kuzaa na kupandana, na kwa muda huo hula kidogo sana au hawali kabisa. Wanaishi kwa mafuta waliyoyaweka mwilini walipokuwa maelfu ya kilomita kusini, katika bahari baridi inayozunguka Antaktika. Kwa nini waende kula mbali hivyo?

Nyangumi hawa hawana meno. Taya lao la juu lina safu za mabamba yenye nyuzi, yanayofanya kazi kama chujio. Humeza maji mengi kwa mkupuo, huyasukuma nje, na viumbe wadogo hubaki kinywani. Huko kusini chakula chao kikuu ni krili, anayefanana na uduvi wetu lakini hufikia urefu wa sentimita 6. Kumfuata krili mmoja mmoja ni kupoteza nguvu bure. Nyangumi hushiba tu pale krili walipojazana.

Nao krili hawakuenea sawasawa. Wakiwa wachanga, wakati wa baridi hula mwani unaoota chini ya barafu ya bahari. Mikondo huwabeba na kuwakusanya kwenye kingo za miteremko ya chini ya bahari na kandokando ya visiwa. Kiangazi, jua na virutubisho vinavyopanda kutoka kilindini hustawisha mimea midogo wanayoila. Eneo lenye krili wengi zaidi liko kati ya Rasi ya Antaktika na kisiwa cha South Georgia, na hapo nyangumi walikuwa tele. Wawindaji walilitambua hilo mapema: kituo cha Grytviken kisiwani humo kilianzishwa mwaka 1904. Nyangumi wanaofika kwetu hula sehemu nyingine za bahari hiyo ya kusini, lakini kanuni ni ile ile: fuata nyuki ule asali.

Tangu uwindaji wa kibiashara usimamishwe mwaka 1986, nyangumi nundu wameongezeka. Hata hivyo, meli za kuvua krili kwa ajili ya mafuta na chakula cha samaki wa kufugwa nazo hutafuta makundi yaliyosongamana. Katika eneo tulilolitaja, kikomo kilichowekwa ni tani 620,000 kwa mwaka. Kiasi hicho ni kidogo kikilinganishwa na krili wote wa bahari hiyo. Lakini kikivuliwa karibu chote mahali pamoja, nyangumi wanaotegemea mahali hapo watalala njaa. Tena, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba krili wa upande huo wanasogea kusini zaidi kadiri bahari inavyopata joto.

Basi tunaona kwamba kumlinda nyangumi hakuishii kwenye kuweka chini chusa. Lazima tuulize pia samaki tunaofuga wanalishwa nini, na chakula hicho kimetoka sehemu gani ya bahari.