Gari inagoma kuwaka asubuhi? Pima kabla hujanunua betri

Saa kumi na moja alfajiri, Isaka. Lori limeshapakia makontena yaliyoshushwa kwenye treni pale bandari kavu, safari ni ya Rusumo hadi Rwanda, na dereva anapiga stata. Injini inajivuta mara mbili, kisha kimya. Jirani mwenye Noah naye anahangaika na yake. Ushauri utakaosikia ni uleule: "Betri hiyo imekufa, nunua nyingine." Huenda ni kweli. Ila betri mpya si hela ya mboga, na kuna vipimo vya dakika chache vinavyoweza kukuonyesha kwamba tatizo liko kwingine kabisa.

Kwanza, kwa nini asubuhi? Isaka iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai anga huwa jeupe, hakuna mawingu ya kuzuia joto, kwa hiyo ardhi inapoa usiku kucha. Oili ya injini inakuwa nzito, na kemia ndani ya betri inafanya kazi polepole. Yaani injini inadai nguvu nyingi saa ileile betri ina kidogo cha kutoa. Lakini usiilaumu baridi peke yake. Kinachoiua betri hasa ni joto: jua kali la Septemba na Oktoba, pamoja na joto la injini, hukausha maji yake na kuharakisha kutu kwenye sahani za risasi. Betri inaumizwa Oktoba, inaanguka Juni.

Sasa sikiliza gari lako kabla ya kumsikiliza fundi. Kama stata inazungusha injini kivivu, au inagonga "tak-tak-tak" tu, shida ni ya umeme. Kama injini inazunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini haishiki, betri haina kosa. Tafuta kwenye mafuta au kwenye moto.

Tuanze na umeme, maana hapa ndipo watu wengi wanapopoteza hela. Utasikia, "Mbona taa zinawaka vizuri? Waya ziko sawa." Tupige hesabu ya fizikia ya sekondari: volti zinazopotea njiani ni ampea mara ukinzani. Tuseme kichwa cha betri kimeota ule unga mweupe na kimelegea, ukinzani wake ukawa omu 0.02, kitu kidogo sana. Taa mbili za mbele zinavuta kama ampea 9, kwa hiyo unapoteza volti 0.18. Macho hayawezi kuona tofauti hiyo. Stata ya gari dogo inaweza kuvuta ampea 150: hapo umepoteza volti 3! Betri yenyewe ikishaelemewa inashuka hadi kama volti 10.5, toa 3, stata inabaki na 7.5. Lazima ijivute. Ukinunua betri mpya na kuifunga kwenye vichwa vilevile vichafu, siku chache baadaye uko palepale.

Chukua mita ya umeme, hata ile ya bei rahisi. Gusa waya mwekundu kwenye nguzo chanya ya betri yenyewe, siyo kwenye kile kibano cha waya, na mweusi kwenye boliti nene ya stata. Mwambie mtu apige stata. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani. Rudia upande wa hasi: nguzo ya betri hadi kwenye chuma cha injini, maana waya wa ethi nao hulegea na kula kutu. Dawa yake ni maji ya moto, msasa na spana. Fungua hasi kwanza, rudisha hasi mwisho, na usivute sigara hapo, kwa sababu betri hutoa gesi ya haidrojeni.

Waya zikiwa salama, ipime betri asubuhi kabla hujawasha chochote. Volti 12.6 imejaa, 12.2 iko kama nusu. Gari likinguruma inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi, ikibaki 12, alternata haichaji. (Lori la volti 24 zidisha mara mbili.) Kama jioni ilikuwa imejaa na asubuhi imeshuka, kuna kitu kinainyonya usiku: redio, alamu, taa ya buti. Ampea 1 tu kwa saa 12 inakula Ah 12, zaidi ya robo ya betri ya Ah 45. Na ukiongeza maji ya betri, hakikisha ni maji yaliyosafishwa, siyo asidi.

Kama injini inazunguka vizuri ila haishiki na gari ni la dizeli, angalia pampu ya mkono juu ya filta. Ukiipampu ikawa ngumu na gari likawaka mara moja, kuna mahali hewa inaingia, na dizeli hurudi kwenye tangi usiku. Ikitoa moshi mweupe bila kuwaka, mafuta yanafika lakini hayaungui: shuku hita plagi, kama gari lako linazo. Dizeli huwashwa na joto la hewa iliyogandamizwa, na chuma baridi hulinyonya joto hilo.

La petroli lina jaribio rahisi. Fungua swichi bila kupiga stata, subiri sekunde mbili, zima, rudia mara tatu. Likiwaka baada ya hapo, presha ya mafuta inavuja usiku, mara nyingi kwenye valvu ya pampu.

Na fundi akitaka kupuliza etha au petroli kwenye njia ya hewa ya dizeli yenye hita plagi, mkatalie. Inaweza kulipuka kabla pistoni haijafika juu, na ukishapinda koneti, bei ya betri utaiona ndogo.