Kijana Mwenye Ulemavu Naye Anabalehe

Umri wa balehe una misukosuko yake. Sauti inabadilika, chunusi zinatoka, hasira zinakuwa karibu, na kila mmoja wetu anahisi kuwa watu wote wanamtazama yeye. Kijana asiyeona, kiziwi, au anayetembea kwa magongo anayapitia hayo hayo. Wengi wetu tunadhani huzuni yake yote inatokana na macho au mguu.

Ripoti ya UNICEF ya mwaka 2021 ilieleza kuwa duniani wapo watoto wenye ulemavu karibu milioni 240, na kwamba uwezekano wa wao kukosa furaha ni mkubwa kwa asilimia 51 kuliko wenzao, na wa kujihisi wanabaguliwa kwa asilimia 41. Hiyo ya pili ndiyo inayotuhusu sisi tunaokaa nao. Mtu akiitwa "kipofu" badala ya jina lake, akirukwa timu ya mpira inapopangwa, au akifanyiwa kila kitu kama mtoto mchanga (hili tunalifanya kwa huruma, lakini linaumiza vilevile), nafsi yake husinyaa. Tungefanyiwa sisi, tungesinyaa pia.

Basi kabla ya kumshika mkono mwenzetu tumuulize kwanza kama anataka msaada. Tumpe zamu ya kufagia na ya kuongoza darasa kama wengine. Na kijana yeyote, awe na ulemavu au asiwe nao, akikosa usingizi, hamu ya kula na ya masomo kwa wiki mbili au zaidi, mwalimu na wazazi wake waambiwe ili apelekwe hospitali.