Kushinda Kesi si Kulipwa

Wateja wanaokuja ofisini kwangu mjini Kisii baada ya kuumizwa na bidhaa mbovu huniuliza: wakili, tutashinda? Mimi huanza na swali jingine: tunayemshtaki atakuwa na pesa siku ya hukumu?

Haki ipo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia akidhurika. Mawakili wetu bado hutaja kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson, iliyoamuliwa London mwaka 1932. Mama mmoja alidai kwamba soda ya tangawizi aliyokunywa mjini Paisley, Scotland, ilikuwa na konokono. Majaji walisema mtengenezaji anawajibika kwa mtumiaji hata kama hawakuuziana moja kwa moja. Mwisho wake hausimuliwi sana: Stevenson, mtengenezaji wa soda hiyo, alifariki kabla ya ushahidi kusikizwa, na mama huyo aliyedai pauni 500 akapatana na wasimamizi wa mirathi kwa 200.

Mtengenezaji akifa, huacha mirathi. Kampuni ikifa, huacha foleni. Chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, kampuni ikiwekwa chini ya msimamizi, kesi yako husimama hadi yeye au mahakama iruhusu iendelee. Ikivunjwa, benki hushika mali iliyowekewa rehani. Kisha zatolewa gharama za mfilisi, mishahara ya wafanyakazi na kodi. Majeruhi yuko nyuma, pamoja na aliyeuza makaratasi ya ofisi kwa mkopo.

Mteja wangu mmoja, mpishi wa chapati Keroka, alichomwa mikono na stovu ya gesi iliyolipuka. Alileta risiti na barua ya hospitali katika mfuko wa nailoni, na vali iliyopasuka ameifunga kwa kitambaa. Kampuni iliyotengeneza stovu ilipendekeza kumlipa shilingi 400,000. Mimi nilikadiria mahakama ingempa zaidi ya mara mbili. Lakini CR12, yaani hati ya Msajili wa Kampuni, ilionyesha mali ya kampuni imewekwa rehani. Nilimshauri akubali, kwa sharti moja: pesa zote kwa mkupuo.

Sharti hilo nililipata kwa waathiriwa wa asbesto wa Afrika Kusini. Zaidi ya 7,500 walishtaki kampuni ya Cape huko Uingereza, na mwaka 2000 wakaruhusiwa kesi yao isikizwe huko. Desemba 2001 Cape iliahidi pauni milioni 21, sehemu yake kwa awamu za miaka 10. Hali yake ya fedha ilikuwa mbaya, ikashindwa kulipa. Mwaka 2003 walipokea kutoka kwake milioni 7.5. Wengi walikuwa wagonjwa. Kungoja zaidi kungewanufaisha warithi tu.

Kwa hiyo, msomaji wa Kisii au Nyamira, hifadhi risiti na kifaa chenyewe. Usikitupe wala kukirekebisha. Una miaka 3 kufungua kesi ya uzembe. Mshtaki pia aliyekuuzia, kwa kuwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa humbana muuzaji hata mtengenezaji akifilisika. Dai lisilozidi shilingi milioni 1 laweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo. Na kabla ya kukataa pesa unazopewa, mwambie wakili wako atafute CR12 na aulize kama kampuni ina bima. Hukumu dhidi ya kampuni isiyo na kitu hailipi hata nauli ya kwenda kortini.