Riwaya za Masika: Kutoka Huba Hadi Hofu

Masika ya mwaka huu yaliponifungia ndani, njia imejaa maji na umeme ukikatika takriban kila jioni, nilizitoa kabatini riwaya za Kiswahili ambazo baadhi yake nilikuwa sijazigusa tangu ujanani, nikazisoma moja baada ya moja kwa mwanga wa taa ya chemli. Na kwa kuwa jamaa hawaishi kuniuliza wasome nini, nimeona nizitaje hapa zile zilizonishika, na nitaje pia utaratibu ambao ningependa zisomwe. Maana utaratibu una kazi yake. Aliyezoea visa vya mapenzi aghalabu huviogopa visa vya mauaji, na mpenzi wa mauaji huyadharau mapenzi akiyaona ni porojo, ilhali katika lugha yetu visa hivi ni ndugu wa tumbo moja: vyote huzaliwa katika nyumba iliyofungwa mlango, na kinachovitenganisha ni yale aliyotendewa aliyebaki ndani.

Wa kuanza nao ni Adam Shafi, na kitabu ni Vuta N'kuvute, kilichotoka mwaka 1999. Kisa ni cha Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza angali mtawala. Yasmin, mwari wa asili ya Kihindi, anaozwa Bwana Raza, mwenye duka ambaye kwa umri angeweza kuwa baba yake, na ndoa inapomshinda anakimbia, jamaa zake wanamkana, anapokewa na Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo asiye na mali yoyote ila moyo wake. Msomaji asiyeijua Unguja yampasa afahamu kwamba Ng'ambo ni upande wa pili wa mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe, wenye majumba ya mawe na maduka ya matajiri, na mitaa ya wanyonge; masafa yake ni ya kutembea kwa miguu kwa dakika chache tu, lakini kwa binti wa nyumba kama ile kuvuka pale kulikuwa sawa na kuhama nchi. Ng'ambo ndiko anakokutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi, anayewakosesha Waingereza usingizi kwa siasa zake na kwa maandishi waliyoyapiga marufuku. Uzuri wa mwandishi huyu ni kwamba hana pupa. Anakuacha kwanza ukizoee chumba cha Mwajuma, uisikie taarabu, uione huba ikichipuka baina ya watu wawili ambao kila mmoja ameonywa dhidi ya mwenziwe, na umekwisha kuwapenda ndipo askari wanapobisha hodi. Mwaka 2021 Amil Shivji alikifanya kisa hiki filamu, ikaoneshwa hadi Toronto, lakini nakusihi uanze na kitabu.

Nilimwazima kitabu hicho mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye hasomi ila mapenzi. Siku ya tatu akanipigia simu.

"Shikamoo, mjomba. Huyu Inspekta Wright atamkamata Denge?"

"Marahaba. Mbona huniulizi habari za Yasmin?"

"Yasmin nitamfikia tu, mjomba. Niambie kwanza la Denge!"

Sikumwambia, ila nilitambua kwamba amekwisha kuvuka bila ya kujijua, na Ijumaa iliyofuata nikampelekea Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Kitabu hiki kilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1957 na 1958, kikachapishwa mwaka 1960, na ndicho kilichotujulisha Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake na rafiki yake Najum. Maiti inaonekana penye mzimu. Watu wanatetemeka na kunong'ona habari za wahenga walioghadhibika. Bwana Msa yeye anavuta kiko, anauliza swali dogo la adabu, anatulia akasikiliza namna mtu anavyojibu kuliko kile anachojibu. Huko ndiko kupeleleza kwake, wala hapana ngumi. Wako wanaosema amenakiliwa kutoka kwa Sherlock Holmes, na kweli kiko kimetoka huko, lakini siri anazozifukua si za London hata kidogo, kwani mara kwa mara ni siri zetu za nasaba, za mirathi, za ndoa iliyofichwa na mtoto asiyetajwa. Na Kiswahili chake! Hicho pekee chatosha kumfanya kijana asome kwa sauti.

Kuanzia hapo giza linakuwa zito. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, Bwana Maksuudi anamfungia ndani bintiye Maimuna kwa jina la heshima, ilhali yeye mwenyewe huko nje heshima ameivua zamani. Na binti anapotoroka, hajui hata njia, seuze watu, kwa hiyo kila mkono unaonyoshwa kwake anaushika. Mpelelezi humu hamna, na mkosaji tunamjua tangu mwanzo, lakini nilikuwa nikifunua kurasa kwa hofu ambayo Bwana Msa hajapata kunitia.

Wapendao mambo ya mbio wana Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, na Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ya mwaka 1974, ambamo Willy Gamba anahangaikia siri za wapigania uhuru. Ni vitabu vya kumaliza usiku mmoja. Kasoro ninayoiona kwa Musiba ni kwamba wanawake wake wengi ni mapambo, na aliyetoka kwa Yasmin na Maimuna ataliona jambo hilo haraka.

Cha mwisho ni Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1974. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anarejea kwao Ukerewe, kisiwa alichozaliwa mwandishi mwenyewe, na kinachomnyemelea si jambazi wala jasusi, bali ni swali la kama maisha haya yana maana yoyote, swali linalomfuata shambani, kitandani na hata ndani ya ndoa. Nilikisoma usiku mmoja wa mvua, nikakifunga, nikaketi kitambo nikiitazama chemli.

Mpwa wangu amekwisha kukiona rafuni mwangu na anakitaka. Nimemwambia asubiri mvua zikatike, kisha aje akisomee barazani kwangu, mchana, nami nitakuwapo.