Homa Imekwisha, Lakini Damu Bado

Mwenzetu mmoja wa internati alipona Korona. Wiki tatu kiisha akaanza kuchechemea. Tukamcheka, tukasema anakimbia kazi ya shamba. Mguu wa kushoto ukavimba, ukawa moto, nasi tukaukanda kwa nguvu na maji ya moto. Kumbe tulikosa sana!

Juu ya nini mguu uvimbe, na homa imekwisha? Mtu akijikata kwa kisu, chembe ndogo za damu, plaketi, zinakimbilia kidonda na kushikamana. Halafu protini iliyomo ndani ya damu, fibrinojeni, inageuka kuwa nyuzi za fibrini. Nyuzi hizi ni kama wavu wa mvuvi: zinakamata chembe nyekundu, damu inaganda, kidonda kinazibwa. Lakini wavu ule haufai kubaki siku zote. Mwili una mkasi wake, plasmini, unaoukata polepole. Vipande vinavyotoka vinaitwa D-dimeri, na wanganga wanavipima katika laboratwari.

Korona inavuruga mizani hiyo. Inaumiza ukuta wa ndani wa mishipa, na ini linatoa fibrinojeni nyingi. Tena protini nyingine, PAI-1, inazidi na kuzuia plasmini isitokee ya kutosha. Yaani wavu unafumwa mbiombio, na mkasi umefichwa. Na mgonjwa aliyelala siku nyingi bila kutembea, damu ya miguu yake inakwenda pole, basi hatari inaongezeka.

Sisi tulifikiri homa ikishuka yote yamekwisha. Hapana. Huko Dublin, katika Ayalandi, wanganga walipima watu 150 waliopona, na mwaka 2021 wakaandika kwamba karibu mmoja kati ya wanne alikuwa angali na D-dimeri nyingi, wengine hata miezi minne kiisha ugonjwa. Katika Uswidi walifuata watu zaidi ya milioni moja. Mwaka 2022 walionyesha kwamba hatari ya damu kuganda miguuni inabaki juu mpaka miezi mitatu, na mapafuni mpaka miezi sita. Wengi hawapatwi na kitu, tusiogopeshane bure. Waliougua sana ndio wenye hatari kubwa. Lakini hatari ya kutoka damu nayo iliongezeka kwa miezi miwili, kwa hiyo kumeza aspirini ovyo bila kuuliza munganga si akili.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, hapana kuukanda, maana bonge laweza kung'oka na kupanda mpaka mapafuni. Mtu akikosa pumzi ghafula ama kifua kikimchoma, apelekwe hopitali saa ile ile, hata usiku.

Mwenzetu alipigwa ekografi, bonge likaonekana. Akapewa dawa ya miezi mitatu. Tulifikiri dawa ile inayeyusha bonge, munganga akatucheka: inazuia tu lisikue, na plasmini ya mwili wake mwenyewe ndiyo inayolikata, siku kwa siku.